Pweza wadogo Feri: nimekataa kununua, nimekosea?

DadaSupu:
Wakuu habari za jioni. Nauza supu ya pweza Magomeni, mwaka wa nne sasa, meza moja na sufuria mbili. Mzigo nachukua soko la samaki la Feri alfajiri.

Wiki iliyopita muuzaji wangu wa siku zote kanimwagia beseni la pweza wadogo. Mmoja nilimweka kiganjani akaenea, minyiri kama kamba za viatu. Bei ilikuwa tamu, sikatai. Nikamwambia hawa sichukui. Akaniuliza, "Dada, siku hizi umekuwa afisa uvuvi?" Watu wakacheka. Mzigo akauchukua jirani yangu wa meza ya pili, na jioni ile akauza kipande kwa bei ambayo mimi nikiifuata nafunga biashara.

Kilichonibadilisha ni safari ya kwetu Pemba. Kisiwa Panza huwa wanafunga mwamba miezi mitatu, hakuna kuchokoa pweza, halafu siku ya kufungua wanaingia wote. Shangazi alitoka na mmoja kamtupia begani, minyiri inamfika kiunoni. Nikawakumbuka wa kwenye sufuria yangu, nikaona haya.

Sasa mimi peke yangu nikikataa na wenzangu wakinunua, napata nini zaidi ya kukimbiwa na wateja?

Beseni_Feri:
Dada, ukweli mchungu: pweza uliyemkataa harudi baharini, ameshakufa. Ila akikataa mmoja nashusha bei. Wakikataa watano, namwambia mvuvi kesho usiniletee hawa. Sheria ipo, chini ya nusu kilo hairuhusiwi. Tatizo letu tunauziana kwa beseni, nani atampima mmoja mmoja?

MtuWaKilwa:
Kisiwa cha Songosongo, huku kwetu Kilwa, nako walifunga miamba. Pweza haishi sana, mwaka na kidogo, lakini anakua haraka mno. Jike hutaga mara moja tu maishani, anakaa shimoni kulinda mayai bila kula mpaka yaanguliwe, ndipo afe. Ukimvua mdogo umekula na mayai ambayo hajayataga. Ila msimseme sana mchokoaji. Mama katembea mwambani tangu maji kutoka, jua la utosi, kapata wawili wadogo na nyumbani wanasubiri unga. Amwachie nani?

NdimuNyingi:
Mimi ni mlaji tu. Sijawahi kuuliza ukubwa wa pweza, macho yangu yako kwenye pilipili na ndimu. Muweke mzima mezani tumwone kabla hujamkata, nitaongeza jero kwa kila bakuli. Jero lakini, sio buku!

DadaSupu:
Haya, jero nimeipokea, usije ukaikana. @Beseni_Feri kesho nakuja na mizani ya jikoni kwenye mkoba. Jiandaeni kuniita afisa tena.