Kutoa picha za harusi saizi tatu kwa mkupuo: nilipie Lightroom au hizi za bure zinatosha?

Mwanalenzi_Tanga
Wakuu, habari za majukumu. Nina picha za harusi za kukabidhi Jumamosi. Bibi harusi anataka za kusafisha (kutoa kwenye karatasi), za kuweka Facebook na za Instagram. Sasa hivi natoa saizi moja, nasubiri imalize, narudi naanza upya na nyingine. Jana nimelala saa tisa usiku. Nilipie Lightroom Classic, ile programu ya Adobe ya kuhariri picha, au kuna ya bure inayoweza kazi? Natanguliza shukrani.

Fundi Mitambo
Mkuu, unakuwa kama mgonjwa anayemwambia daktari "naumwa" halafu ananyamaza. Picha ngapi? RAW (faili ghafi la kamera) au JPEG? Mashine ina RAM ngapi? Na sasa hivi unatumia nini?

Dada Shaba
Kabla hajajibu: lipia Lightroom Classic, mjadala ufungwe. Tangu mwishoni mwa 2019 unaweka tiki kwenye priseti tatu (mipangilio uliyoihifadhi), unachagua folda mama, unabonyeza mara moja. Kila saizi inaingia folda yake. Mimi huwa nawasha naenda kuinjika wali, nikirudi zimeshatoka.

Kokoto
Ulipe kila mwezi kwa kazi ya kupunguza pikseli? Hiyo ni kukodi lori kubeba kiroba. Chukua XnConvert, unaiburuzia folda nzima, unaweka upana, basi.

Fundi Mitambo
Kokoto, XnConvert ni bure kwa matumizi binafsi. Huyu anapiga harusi za watu kwa hela, anatakiwa leseni. IrfanView nayo ni hivyo hivyo.

Kokoto
Haya, wakili kaingia.

Bwana Amri
ImageMagick, bure hata kwa biashara. Tengeneza folda inayoitwa mtandao, fungua dirisha la amri ukiwa ndani ya folda ya picha, andika mstari mmoja:

magick mogrify -path mtandao -resize "2048x2048>" -quality 82 *.jpg

Hiyo alama ya mshale inaizuia isikuze picha ambayo tayari ni ndogo. Ukitaka ya Instagram badilisha namba na jina la folda. Lakini msisahau hilo neno -path! Ukilisahau, mogrify inaandika juu ya picha zako halisi, na hakuna kitufe cha kurudisha.

Dada Shaba
Na unampa mtu mwenye harusi Jumamosi kitu cha namna hiyo?

Mzee wa Flashi
Vijana mnagombania programu, mimi naona hatari iko kwenye majina. Nisikilizeni.

Kuna harusi niliipiga, nikamkabidhi baba wa bibi harusi flashi yenye folda tatu. Picha zote zina jina lile lile, mfano namba 0412, ipo kwenye kila folda. Nilimweleza kwa mdomo: hii kubwa ya kusafisha, hizi mbili za simu. Akaitikia vizuri tu. Mzee yule alitaka picha ya ukutani, inchi 20 kwa 30, aiweke kwenye fremu ya dhahabu sebuleni. Kaenda studio moja, sitaitaja, kijana wa pale kachomeka flashi, kafungua folda ya kwanza aliyoiona. Ilikuwa ya Instagram. Upande mrefu pikseli 1080. Gawanyeni wenyewe kwa inchi 30: pikseli 36 kwa kila inchi! Uso wa binti ukawa kama mkeka.

Wakasafisha hivyo hivyo, wakaweka fremu, na mzee akalipa yote. Jioni ananipigia, sauti ya upole, ile ya mtu mzima aliyekasirika: "Mwanangu, kamera yako ilikuwa na ukungu?" Nikaenda mpaka kwake. Faili kubwa lilikuwepo, 6000 kwa 4000, kwa saizi ile lingetoa pikseli 200 kwa inchi na lingependeza kabisa. Studio wakasema wao wanasafisha walichopewa. Gharama ya pili nikalipa mimi.

Tangu siku hiyo kila faili langu linabeba saizi kwenye jina: 0412_KUSAFISHA, 0412_SIMU. Programu zote mlizotaja zinaweza kuongeza neno kwenye jina. Na folda ya simu naiita SIMU_USISAFISHE, kwa herufi kubwa.

Kokoto
Mzee pole 😂 "kama mkeka".

Lulu ya Mvita
Pole mzee wangu. Lakini nyote mmesahau dpi (nukta kwa kila inchi). Picha za mtandao lazima ziwekwe 72, za kusafisha 300. Ndivyo tulivyofundishwa chuoni.

Bwana Amri
Dada, hiyo namba kwenye skrini haifanyi chochote. Pikseli 1080 ni 1080, uandike 72 au 7200. Inaanza kuwa na maana unapotaja inchi za karatasi.

Lulu ya Mvita
Kwa hiyo mwalimu wangu alikuwa mwongo?

Bwana Amri
Sijasema hivyo. Chukua picha moja, itoe mara mbili, 72 na 300, pikseli zile zile. Zifungue kwenye simu utuambie ipi ni ipi.

Mwanalenzi_Tanga
Samahani wakuu, nilikuwa kazini. Picha ni 640, RAW. Laptopu ina RAM 4GB, ya zamani kidogo. Natumia darktable, programu ya bure ya kuhariri RAW.

Fundi Mitambo
Ungesema toka mwanzo! Tatizo ni kwamba unapika RAW ile ile mara tatu. Kila ukitoa saizi mpya, mashine inaanza upya: rangi, kuondoa chenga, yote. Kwa RAM hiyo lazima itambae. Pika mara moja: toa JPEG kubwa, ubora 95, sRGB (mfumo wa rangi wa kawaida wa skrini), uiache usiku kucha. Hizo nyingine zizae kutoka kwenye JPEG hizo, ni dakika chache tu. Halafu ongeza kunoa kidogo, picha ikipunguzwa huwa inalegea.

Dada Shaba
Au alipie Lightroom.

Fundi Mitambo
Kwa RAM 4? Itazimika kabla wali haujaiva.

Lulu ya Mvita
Na angalia umbo, si saizi pekee. Kamera inatoa 3 kwa 2. Picha ya 8 kwa 10 itakata pembeni, na pembeni ndiko wanakosimama mashangazi. Mimi nimeshanuniwa na ukoo mzima. Instagram nayo tangu mwanzo wa 2025 vile viboksi vya kwenye wasifu si mraba tena.

Mwanalenzi_Tanga
Nimeelewa, leo usiku najaribu ya kupika mara moja. Ila bado nawaza kama hela ya Lightroom si bora niongeze RAM.

Kokoto
Ongeza RAM.

Dada Shaba
Lipia Lightroom.

Mzee wa Flashi
Majina kwanza.

Kokoto
Kuna mtu ana RAM ya DDR3 ya laptopu, 8GB, anauza? Siyo ya mleta mada, ni ya kwangu.