Mrejesho: kuhuisha posho ya ulemavu kwa mwenye sonona

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza namna ya kujaza fomu ya kuhuisha posho ya ulemavu ukiwa na sonona, yaani ugonjwa wa akili wa huzuni nzito isiyoisha. Kilichosaidia zaidi ni ule ushauri wa kueleza siku mbaya zilivyo na zinavyojirudia, maana jina la ugonjwa peke yake halimwambii mhakiki kitu. Niliandika hivi: "Siku nne kati ya saba sipiki wala siogi bila kuhimizwa; dawa nakumbushwa." Barua ya daktari ikasema hayohayo, pamoja na dozi na madhara ya dawa.

Posho imeendelea, ila kiwango kimeshuka: kipengele cha kutoka nje peke yangu hakikuwa na ushahidi. Nimeomba kwa maandishi uamuzi upitiwe upya, kabla ya tarehe ya mwisho iliyo kwenye barua yao, nikaambatisha maelezo ya dada anayenisindikiza kliniki. Majibu bado.