Tupeane uzoefu: wana-Tanga mliofika Kampala mkaingia Lubiri ya Kabaka, mlikuta nini?

Wakuu, salaam. Tangu kazi ya bomba la mafuta la Hoima hadi Chongoleani ianze, huku kwetu Tanga, vijana wetu wengi wamevuka kwenda Uganda. Wakirudi utasikia habari za soko la Owino na fujo za bodaboda tu. Mimi nataka habari za Mengo, kilima cha Kampala lilipo kasri. Kwa maoni yangu, aliyefika Kampala asipande Lubiri, kasri la Kabaka (mfalme) wa Buganda, mji ule hajauelewa. Naanza mwenyewe.

Nilishukia Bulange, lilipo baraza la ufalme wanaloliita Lukiiko, nikaenda kwa miguu. Nawashauri mfanye hivyo hivyo. Barabara imenyooka mpaka lango la kasri, na pembeni zimewekwa alama za koo za Waganda, kila ukoo na mnyama au mmea wake. Njiani kuna kipilefti chenye geti katikati. Magari yote yanazunguka. Kabaka peke yake ndiye hufunguliwa akapita moja kwa moja.

Nyumba kubwa, Twekobe, tuliitazama kwa nje tu. Uzito uko kwenye maelezo ya mwongozaji, kwa hiyo msikwepe kumlipa. Tarehe 24 Mei 1966 wanajeshi wa Milton Obote, aliyekuwa akiongoza serikali ya Uganda, wakiongozwa na Idi Amin, walilivamia kasri. Kabaka Mutesa wa Pili, ambaye ndiye aliyekuwa Rais wa kwanza wa Uganda, aliruka ukuta akatoroka, na mauti yakamkuta London mwaka 1969. Falme zikafutwa 1967, zikarudishwa 1993. Katikati ya miaka hiyo kasri lilikuwa kambi ya jeshi.

Ukiteremka upande wa nyuma unakuta handaki la zege. Enzi za Amin liligeuzwa mahabusu: vyumba vimepangana gizani, na njia ya kuingilia ilijazwa maji yaliyotiwa umeme ili mtu asithubutu kutoroka. Kutani bado kuna maandishi ya waliofungiwa humo. Nilipotoka niliketi kwenye majani, sikuweza kuzungumza na mtu. Mwenye mtoto mdogo asimwingize.

Karibuni.

*Dereva wa Maramba:*
Mkuu, umegusa penyewe. Mimi napeleka mizigo huko, na kwa muda mrefu nilikuwa nikishangaa kwa nini wazee wa Kiganda ukiwasemesha Kiswahili wanakuwa wakavu, wakati vijana wanakujibu vizuri tu. Lubiri ndiko nilikopata jibu. Mzee mmoja pale nje aliniambia Kiswahili alikijulia kwa askari: ndicho walichoingia nacho nyumbani kwao usiku wakigonga milango. Kweli, lugha ya jeshi ilikuwa Kiswahili tangu enzi za King's African Rifles, jeshi la mkoloni Mwingereza. Sisi watu wa pwani lugha hii tumeinyonya kwa mama zetu, tunaisalimia na kuiombea dua, kwa hiyo maneno yale yaliniuma sana. Siku hizi kwa mtu mzima naanza na "ssebo" (bwana) au "nnyabo" (mama), namwamkia kwa Kiganda changu kibovu, kisha ndiyo naomba ruhusa ya kuendelea kwa Kiswahili. Hajawahi kunikatalia mtu.

*Mama wa Ngamiani:*
Wanangu, na Kasubi je? Ndiko walikozikwa Makabaka wanne, akiwemo huyo Mutesa wa Pili. Nyumba kubwa ya nyasi ilijengwa 1882 kama kasri la Mutesa wa Kwanza, ikawa kaburi lake. Iliungua Machi 2010, watu wakalia kama msiba wa jana, wakaijenga upya. Pale unavua viatu, na mwanamke anatakiwa kujifunga nguo kiunoni. Mie nilikuwa na doti yangu ya kanga mkobani, sikuhitaji kuazimwa. Yule bibi mlinzi akaishika kanga, akaniuliza jina lake, tukawa marafiki papo hapo.

*Mdau wa Bagamoyo:*
Shikamoo mama. Nyongeza kidogo: wafanyabiashara wa pwani walifika mpaka kwa Kabaka Suna miaka ya 1840, na Uislamu Buganda uliingia kwa mikono yao. Nilipokuwa kwenye mnara wa msikiti mkuu pale Old Kampala, mji mzima na vilima vyake chini yangu, nilikuwa nawawaza wapagazi walioianza safari ile kwetu kwa miguu.

*Mgeni wa Pongwe:*
Natarajia kwenda mwezi ujao. Nijiandae vipi?

*Dereva wa Maramba:*
Pita mpaka wa Mutukula. Chukua pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na usiiache kadi hiyo nyumbani. Badilisha hela kidogo mpakani, nyingine mjini. Kasubi nenda asubuhi, Mengo mchana, si mbali. Ukipakiwa bodaboda, patana bei kabla hujakaa.

*Mleta mada:*
Asanteni. Sasa namtafuta aliyekuwepo Kampala siku ya kumbukumbu ya kutawazwa Kabaka Mutebi, tarehe 31 Julai. Nasikia Waganda hujitokeza kwa wingi na kanzu zao. Aliyeiona atusimulie.