Naomba ushauri: tuwafikieje makanga na vijana wa vituoni kuhusu kuwasumbua wanawake njiani?

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Sisi ni kikundi cha akina mama na mabinti wa Likoni, Mombasa, na tunakusudia kuanzisha uhamasishaji dhidi ya maneno machafu, kushikwashikwa na kufuatwafuatwa kunakowapata wanawake kwenye foleni ya feri, Mwembe Tayari na soko la Kongowea, wawe wamevaa buibui au suruali.

Baada ya maandamano ya Nairobi ya Novemba 2014, yaliyofuatia mwanamke kuvuliwa nguo hadharani, sheria ya Kenya ilirekebishwa, na kumvua mtu nguo kwa nguvu kukawa kosa lenye kifungo kisichopungua miaka 10. Lakini kifungu hicho hakimgusi kijana anayemtolea msichana wa shule maneno ya aibu kila asubuhi huku watu wazima wakitazama kimya, na kimya hicho ndicho kinachoniuma zaidi.

Je, tuanze na makanga kupitia vyama vyao, au tuwaombe maimamu walizungumzie katika hotuba za Ijumaa? Mabango pekee, kwa maoni yangu, hayatoshi. Aliyewahi kufanya kazi hii hapa Pwani atueleze pia namna ya kuwalinda mabinti watakaotoa ushahidi, kwa kuwa mara nyingi wanaowasumbua ni majirani zao.