Santuri ya roki iliyosahaulika: nakala ya kwanza au toleo jipya?

Mla Santuri
Wakuu, naleta hili tulijadili, na naomba tusitukanane mapema. Roki ya Zambia ya miaka ya 70, ile Zamrock: WITCH, Amanaz, Ngozi Family, Musi-O-Tunya, mnazijua. Santuri zao zilichapwa chache, na leo ikionekana moja iliyo salama watu wa Ulaya, Marekani na Japani wanarukiana. Lakini nyingi zimeshatolewa upya, lebo ya Now-Again ya Marekani imezifanyia kazi nzuri tu. Sasa anayemwaga fedha kwa nakala ya kwanza ya "Africa" ya Amanaz, ya 1975, wakati muziki wenyewe umo kwenye toleo jipya, ananunua nini? Mimi nasema ananunua sifa. Kwenye biashara ya mitumba mwanamuziki haoni hata senti. Pesa inatoka kwa mkusanyaji mmoja inaingia kwa mwingine, dalali akiwa katikati. Na wengine hata hawazichezi, wanazifungia kwenye nailoni. Heri mimi nanunua iliyochafuka, naipaka gundi ya mbao, naibandua, nasikiliza.

Sindano Butu
Kaka, umepaka nini?

Bi Mkwaruzo
Amesema gundi ya mbao. Mimi pia nimerudi kusoma.

Sindano Butu
Basi mjadala umekwisha. Mtu anayemwagia santuri gundi ya seremala hana mdomo wa kunihukumu mimi ninayezitunza. Na kwa taarifa yako nazicheza. Nakala ya kwanza ilichongwa tepu ikiwa bado mbichi, bendi ndiyo kwanza imetoka studio. Toleo jipya linachongwa miaka 40 baadaye kutoka kwenye chochote kilichosalia. Usiposikia tofauti, tatizo ni masikio, siyo sifa.

Mla Santuri
Masikio yangu mazima, ahsante. Na gundi siyo uchawi. Unaimwaga nene, unaisambaza huku sahani inazunguka, hugusi karatasi ya lebo, unaiacha ikauke hadi iwe angavu, kisha unaibandua yote kwa mkupuo kama gamba la nyoka. Inatoka na vumbi la miaka yote hiyo. Jaribu kabla ya kucheka.

Fundi Mawimbi
Nimtetee kidogo. Gundi nyeupe ya mbao ni PVA, na santuri hizi ni PVC. Gundi ikikauka haiishiki sana plastiki hiyo, ndiyo maana inabanduka. Lakini ukiimwaga nyembamba inakatika, vipande vinabaki ndani ya mifereji inayopita sindano, na hapo utahitaji dua. Na mtu asije akajaribu kwenye zile za zamani za kasi ya 78, mizunguko 78 kwa dakika. Zile ni lakki, utomvu wa mdudu. Ukiifuta lakki kwa spiriti inayeyuka ukiitazama.

Kaseti Tupu
Roki haikutoka kwenye lakki, fundi. Tuko kwenye roki hapa.

Mzee wa 45
Kijana, Elvis alianzaje? Santuri zake za kwanza pale lebo ya Sun, 1954, zilitoka za 45 na za 78. Na kule India Beatles waliendelea kuchapwa kwenye 78 hadi katikati ya miaka ya 60. Wakusanyaji wanazililia hizo mpaka leo. Msipende kukata kauli.

Kaseti Tupu
Shikamoo mzee. Beatles nao wamesahaulika siku hizi?

Mzee wa 45
Marahaba. Santuri ndiyo iliyosahaulika, siyo Beatles. Soma polepole.

Bi Mkwaruzo
Naomba turudi Zambia kabla hatujahamia Liverpool. Kaka Mla Santuri, unaongea kana kwamba toleo jipya limeshuka kutoka mbinguni. Tepu za bendi ndogo za wakati ule nyingi hazipo: zilitupwa, zilirekodiwa nyimbo nyingine juu yake, zilioza stoo. Tepu ikikosekana, mwenye lebo anatafuta santuri iliyo safi kuliko zote, anaicheza kwa sindano nzuri, ananasa sauti, anaisafisha, ndipo anachapa tena. Hiyo santuri safi anaipata kwa nani? Kwa yuleyule mwenye nailoni unayemsema. Angekuwa ameipaka gundi au ameikopesha kila sherehe, leo usingekuwa na toleo jipya la kunyoosha kidole nalo.

Mla Santuri
Dada, wewe na Sindano Butu mnajuana? Maana mmekuja kwa mwendo mmoja. Na sijamsema mtu, nimesema "wengine".

Sindano Butu
Ulisema "sifa". Umesahau mapema hivi? Halafu nina swali dogo: gramafoni unayo kweli, au unabandua gundi kisha unasikilizia kwenye simu?

Mla Santuri
Ninayo, ile inayozungushwa na mkanda, na sindano nimeibadilisha. Wewe mwenyewe jina lako ni Sindano Butu, na sindano butu ndiyo inayokwangua mifereji kuliko gundi yoyote duniani. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Sindano Butu
Jina ni utani. Gundi siyo utani.

Kaseti Tupu
Kwa maoni yangu nyote wawili mnachoma hela. Si 2022 ilifichuka kwamba Mobile Fidelity, wale wa santuri za bei ya juu, walikuwa wanapitisha sauti kwenye dijitali kabla ya kuchonga? Miaka na miaka! Na hao wenye masikio ya dhahabu, wanaosema dijitali inaua muziki, ndio waliokuwa wanazisifia. Hakuna hata mmoja aliyeng'amua kwa kusikiliza. Mpaka likafika mahakamani.

Fundi Mawimbi
Hilo ni kweli, ila uliweke sawa. Walinasa tepu za mwanzo kwa DSD, dijitali ya hali ya juu, kisha wakachonga kutoka hapo. Sauti haikuwa mbaya. Kilichowaponza ni kuacha wateja waamini hakuna dijitali njiani. Na kwa hizi roki za kufufuliwa, mkitaka msitake, dijitali imo. Mlio wa mikwaruzo unaondolewa kwenye kompyuta, hakuna njia nyingine ya maana.

Sindano Butu
Ndiyo maana nasema nakala ya kwanza. Ahsante fundi kwa kunithibitishia.

Fundi Mawimbi
Sijakuthibitishia kitu. Nakala za kwanza nyingi zilichapwa ovyo: plastiki iliyosagwa mara ya pili, tundu halikai katikati kwa hiyo sauti inayumba, nyimbo zimesukumwa hadi karibu na lebo. Kule ndani mzunguko ni mdogo, mfereji unapita chini ya sindano taratibu kuliko kule nje, ndiyo maana wimbo wa mwisho wa upande unakwaruza hata kama santuri ni mpya. Nakala ya kwanza inakupa kile alichokisikia mnunuzi wa wakati ule. Hicho ni kitu chenye thamani, sibishi. Lakini usiniambie ndicho bendi ilichokipiga studio. Hiyo hiyo "Africa" ina michanganyo miwili ya sauti, mmoja mkavu na mmoja wenye mwangwi, na Now-Again imeitoa yote miwili. Bila toleo jipya, wangapi wangeisikia yote?

Sindano Butu
Anayezipata zote mbili.

Bi Mkwaruzo
Na nani anazipata zote mbili? Haya, tumerudi kwenye sifa.

Kaseti Tupu
Tukiongelea wanamuziki, yule mwimbaji wa WITCH, Jagari, si aliishia mgodi wa shaba? Unaona faida ya roki.

Bi Mkwaruzo
Emmanuel Chanda, na alikwenda kuchimba vito, siyo shaba. Shaba ndiyo iliyoanguka bei katikati ya miaka ya 70 ikavuta nchi nzima chini, bendi zikiwemo. Rais Kaunda alikuwa ameagiza redio ipige asilimia 95 muziki wa nyumbani, vijana wakanunua magitaa, halafu hela ya kununua santuri ikakosekana. Baadaye ukimwi ukawamaliza wengi, wakiwemo wenzake Jagari. Na matoleo mapya ndiyo yaliyomrudisha jukwaani. WITCH wana albamu ya 2023, "Zango". Hiyo ndiyo tofauti ya senti na sifuri unayoiuliza, kaka Mla Santuri.

Mla Santuri
Sasa unanitetea mimi?

Bi Mkwaruzo
Simtetei mtu. Nakasirishwa na wote wawili kwa zamu.

Mzee wa 45
Msidhani ni Zambia tu. Detroit kulikuwa na ndugu watatu weusi, akina Hackney, bendi yao ikiitwa Death. Walirekodi 1975, roki ya kasi kabla watu hawajaiita panki. Mkubwa wa lebo, Clive Davis, akawataka wabadilishe jina, David, mmoja wa ndugu hao, akakataa katakata. 1976 wakajichapia wenyewe santuri ndogo ya 45, nakala 500. Ikapotea. Wakusanyaji ndio walioanza kuigombania miaka ya baadaye, na lebo ya Drag City ikatoa albamu 2009. David alishafariki 2000. Kwa hiyo tuwasemeni wakusanyaji, lakini bila wendawazimu wao hii isingefika kwenu.

Kaseti Tupu
Mzee, na wewe ungeita bendi Kifo kisha ulalamike haiuzi?

Mzee wa 45
Aliiita hivyo kwa sababu ya msiba wa baba yao. Kuna mambo hayafanyiwi mzaha, kijana.

Kaseti Tupu
Samahani mzee. Lakini lebo nayo ilikuwa na haki ya kuogopa.

Sindano Butu
Lebo ndizo zilizotufikisha hapa! Zinachapa chache, hazitangazi, tepu zinatelekeza, halafu miaka 40 baadaye mkusanyaji ndiye tapeli.

Kaseti Tupu
Kama yule mwimbaji Rodriguez, lebo ya Sussex walimtoa 1970 akadoda Marekani, akawa mkubwa Afrika Kusini bila kujua. Si ndiye aliyejichoma moto jukwaani?

Bi Mkwaruzo
Hakujichoma. Huo ulikuwa uvumi wa mashabiki wa Afrika Kusini. Alikuwa Detroit anafanya kazi za kubomoa na kukarabati nyumba, wakampata miaka ya 90 akaenda kuwaimbia. Amefariki 2023 kwa umri wake. Kaseti Tupu, wewe kila mwanamuziki unamzika mapema.

Mla Santuri
Fundi, samahani nikuvute pembeni. Gundi ikikatika katikati ya wimbo wa pili, kipande kimegoma, nafanyaje?

Sindano Butu
Haya sasa.

Fundi Mawimbi
Usikwangue kwa kucha wala kwa kitu chochote. Mwaga gundi nyingine nene juu ya kile kipande na sehemu inayokizunguka, iache ikauke kabisa. Itashikana na ya zamani, utabandua vyote pamoja. Ikiwa bado ina doa jeupe, haijakauka, subiri.

Mla Santuri
Nimeelewa. Niliibandua ikiwa na doa.

Bi Mkwaruzo
Kwa hiyo tulikuwa tunajadili haki za wanamuziki huku mtu ana santuri mezani imeganda gundi.

Sindano Butu
Ni santuri gani hiyo?

Mla Santuri
Ya kawaida tu. Ngozi Family, niliinunua kwenye mafungu ya mitumba.

Sindano Butu
Mafungu ya mitumba? Toleo jipya au la zamani? Tazama karibu na lebo, pale palipo wazi pasipo na wimbo. Namba zilizochongwa zinasemaje?

Mla Santuri
Kwa nini unauliza?

Sindano Butu
Jibu kwanza.