Marekani 1788: majimbo yalishawishiwaje kuiridhia katiba?

Mama Zaina, Bombo
Salaam ndugu zangu. Binti yangu yuko senior ya tano, ana insha ya historia. Kitabu chake kinasema majimbo 9 kati ya 13 yalitosha katiba ianze kazi, basi, kinaruka. Nataka siasa yenyewe: nani alimbembeleza nani, kwa ahadi gani? Marehemu baba alitusimulia 1966, wabunge wetu wa Uganda walivyopitisha katiba kwanza, kisha wakaambiwa nakala zimo kwenye visanduku vyao vya barua. Hadithi ile haijanitoka.

Mwalimu Juma, Jinja
Mama Zaina, aanzie Massachusetts. Delaware iliridhia ya kwanza, 7 Desemba 1787, kura 30 kwa 0. Hapo hakuna kisa. Boston, mji mkuu wa Massachusetts, Januari 1788, ndiko kulikuwa na kazi. Wajumbe walizidi 350, na wengi waliingia ukumbini wakipinga, maana katiba haikuwa na orodha ya haki za raia. Gavana John Hancock alikuwa anasitasita. Waliotaka katiba wakamwendea, wakamwahidi kumuunga mkono kwenye uchaguzi wa ugavana, na wakamwomba awasilishe yeye mapendekezo ya marekebisho: jimbo liridhie sasa, marekebisho yafuate. Samuel Adams, naye aliyekuwa na mashaka, akaafiki. Tarehe 6 Februari, 187 kwa 168. Wajumbe 10 tu wangegeuka, ingeanguka!

Njia hiyo ikafuatwa kwingine. New Hampshire ikawa ya tisa tarehe 21 Juni. Virginia, James Madison, mmoja wa walioiandaa katiba, akikabiliana na Patrick Henry aliyeipinga, 89 kwa 79. New York 30 kwa 27.

Abdu wa Arua
Mwalimu, usiipambe sana. Pennsylvania, wabunge wawili waliojificha ili akidi ya kuitisha mkutano isitimie waliburutwa na umati hadi bungeni. Na waliokuwa utumwani hawakuulizwa neno.

Mwalimu Juma, Jinja
Kweli kabisa, ndugu Abdu, na binti ayaandike yote mawili. Ila ahadi ya marekebisho ilitimizwa: Madison aliyapeleka bungeni 1789, na 10 yakaridhiwa kufikia Desemba 1791. Haki zile zimetokana na ubishi wa walioshindwa kura. Hilo ndilo ninalolipenda katika kisa hiki.

Mama Zaina, Bombo
Asante mwalimu. Baba angekuwepo angeuliza moja tu: nakala watu walizipata kabla ya kura?

Mwalimu Juma, Jinja
Walizipata, mama. Gazeti la Pennsylvania Packet liliichapa nzima tarehe 19 Septemba 1787, siku 2 baada ya kutiwa saini.