Mdogo wangu ana lupus, mkojo umekutwa na protini. Tulinde vipi figo na moyo wake?

Kijana_wa_Kiboriloni: Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Nipo Moshi. Mdogo wangu wa kike, miaka 26, ana lupus, ule ugonjwa wa kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe. Anatumia prednisoloni na haidroksiklorokwini, na viungo vikimbana ananunua diklofenaki duka la dawa. Juzi kliniki wamekuta protini kwenye mkojo na presha 150/95. Ameongezewa losatani, dawa ya presha, na daktari anataka wamtoe kinyama cha figo wakipime. Mama amegoma. Anasema mtoto haumwi kiuno, anakojoa vizuri, na hizo prednisoloni zimemvimbisha uso, bora aziache anywe dawa za miti. Nimweleweshe vipi?

Dada_wa_Sakina: Pole sana kaka. Naishi na lupus, nipo Arusha. Mwambie mama figo zikishambuliwa na lupus mara nyingi haziumi kabisa. Mimi niliona povu kwenye mkojo, halikatiki upesi, na asubuhi kope zimevimba. Basi. Ndiyo maana kila kliniki napima mkojo na presha hata nikijisikia mzima.

Prednisoloni asikate ghafla, nakuomba sana. Mwili ukishaizoea unaacha kujitengenezea homoni yake ya aina hiyo, ukikata unaweza kuanguka presha imeshuka. Daktari ndiye aipunguze taratibu, wanalenga 5 mg kwa siku au chini ya hapo. Na diklofenaki iondoke nyumbani leo! Inapunguza damu inayofika kwenye figo, na ikikutana na losatani ni hatari zaidi. Maumivu amwambie daktari.

Mama_Usa_River: Jua nalo huamsha lupus. Kofia pana na mikono mirefu, hata siku ya mawingu.

Nesi_Mstaafu: Mwanangu, kinyama kinachukuliwa kwa sindano, kwa ganzi, halafu analala chini ya uangalizi maana damu inaweza kuvuja. Mama ana haki ya kuogopa. Lakini ugonjwa huu wa figo una madaraja sita na tiba hazifanani, bila kipimo hicho daktari anabahatisha.

Losatani inashusha presha na protini pia. Tunataka presha chini ya 130/80. Akifikiria kubeba mimba aseme mapema, dawa hiyo haifai kwa mimba. Haidroksiklorokwini asiiache hata akipata nafuu, inalinda figo na moyo, ila macho yapimwe.

Kuhusu moyo: lupus inawahisha mishipa kuziba hata kwa msichana, kwa hiyo lehemu (kolesteroli) ipimwe na sigara asiguse. Kifua kikiuma akivuta pumzi au akilala chali, kikapoa akiinama mbele, asingoje kliniki, aende siku hiyohiyo. Huenda utando wa moyo umevimba.

Chumvi apunguze. Na sisi wa huku tunasahau magadi! Kiburu (ndizi na maharage) na makande ya magadi yana sodiamu vilevile, kama chumvi.

Kijana_wa_Kiboriloni: Asanteni mno. Kiburu tunapika karibu kila wiki, magadi sikuyawaza. Na dawa za miti je, mama?

Nesi_Mstaafu: Asinywe, nyingine zinaua figo moja kwa moja. Msigombane na mama yako, nenda naye kliniki aulize mwenyewe. Na hiyo chupa ya dawa za miti muibebe, daktari aione pamoja na pakiti zote anazotumia.